Komanda Aliniambia Nizame

Niliapa nitaingia kikosi cha wanamaji wa boti za mbio, kuogelea nijue nisijue. Juma lililopita, siku ya majaribio pale Nguba, kando ya ziwa, nilijifunga chupa tupu za plastiki kiunoni kwa kamba, ndani ya triko, fulana yangu pana. Nikaelea kama bata! Komanda akafurahi.

“Muzuri! Sasa zama, uniletee jiwe ya pale chini.”

Nikajitosa. Kichwa kikaingia majini, makalio yakabaki juu. Sikukata tamaa, nikajitosa tena na tena, mpaka kamba ikakatika, chupa zikatawanyika ziwani mbele ya komanda.

Hapo maman, aliyekuja kunishangilia, akapiga kelele:

“Yesu! Chupa zangu za mawese! Na mimi nilishagombana na jirani bure!”