Viganja vya Baba

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa na kaburi kabla ya kufa. Ndani yake mlikuwa na jembe lake na shati lake la kanisani, na juu yake palisimama msalaba wa mti ambao Bibi, mama yake mzazi, aliushindilia mawe ili upepo wa Ufipa usiuangushe. Nimesema kabla ya kufa, wala sijakosea.

Tulikaa Malangali, siku hizo mashamba matupu, na mtu akitaka chumvi au kitambaa anashika njia kwenda kwenye maduka ya Sumbawanga. Baba alichukuliwa na jeshi la Mwingereza kwenda kupigana na Wajapani wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Miaka ikapita bila habari. Kisha akarudi mtu wa kijiji cha pili, amekatika mguu, akasema mara ya mwisho alimwona Kornelio, ndiye Baba, akibebwa kwenye machela, damu tupu, na hakumwona tena.

Bibi akangoja mpaka ulezi ukavunwa. Halafu akasema mwanawe hawezi kulala nje huko bila kuliliwa. Kwa vile mwili haukuwapo, kikachimbwa kishimo, jembe na shati vikazikwa, Mama akanyolewa nywele, tukakaa matanga. Siku ya kuondoa matanga Bibi alisema neno ambalo lilinikaa kichwani: "Tumekwisha lia. Kama yu hai, Mungu atusamehe, maana kilio hakimwagwi bure. Kitamtafuta mwenyewe mpaka kimpate."

Watu wakaitikia kwa kuguna. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba tumekitoa kitu nje na sasa kinatembea.

Jioni moja ya kipupwe, jua bado lipo, nilikuwa narudi na kuni. Nikamkuta mwanamume amesimama kando ya kaburi, amevaa koti refu la jeshi, anausoma ule msalaba. Mtoto wa Kifipa hampiti mtu mzima kimya, hata awe nani. Nikapiga goti na kuni zangu kichwani.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Hapa kazikwa nani?"

"Baba yangu."

Aliugeukia tena msalaba. Kisha akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. "Wewe ni Fausta," akasema. "Basi ni mimi huyo. Njoo."

Akaninyooshea mikono. Jamani! Viganja vyake vilikuwa vya njano. Si njano ya vumbi wala ya tope la kinamo. Vilikuwa njano kutoka ndani ya ngozi, mpaka kwenye kucha. Niliangusha kuni, nikakimbia, na haja ndogo ikanitoka njiani. Sioni haya kuisema. Ningekuona wewe pale!

Mama alipotoka alipiga ukelele, akamkimbilia. Bibi akamshika nguo kwa nyuma, akamvuta mpaka akaketi chini.

"Ngoja, Mama Fausta. Mtazame viganja," akasema Bibi. "Mfu akirudi anaweza kudanganya kwa uso, hata kwa sauti. Kwa viganja hawezi."

Kwetu hilo lilikuwa jambo la kujulikana. Sumbawanga, mji wetu, jina lake lenyewe linamwambia mgeni autupe uchawi kabla hajaingia, na kila mtoto alikuwa amesikia habari za misukule, watu waliochukuliwa na wachawi, wakaonekana wamekufa, kumbe wanalimishwa mashamba ya watu usiku. Ilisemwa kwamba msukule mikono yake haipati tena rangi ya watu, na kwamba hawezi kula chumvi. Bibi akapika maharage, akayatia chumvi mpaka mimi niliyeramba mwiko nikakohoa. Baba akala yote, akaomba mengine. Wallahi ningekuwa mkubwa ningecheka.

"Wa siku hizi wanakula chumvi," akasema Bibi, wala hakutania.

Sasa, desturi ya ukoo wetu ni hii. Aliyekwisha kuliliwa haingii nyumbani kwa miguu yake tu. Kaburi lifukuliwe, kilichozikwa kitolewe, anyolewe, kisha mkubwa wa nyumba amkabidhi jembe lake mkononi mbele ya watu. Hapo ndipo amekuwa hai. Baba aliijua desturi hiyo na hakuipinga. Lakini Bibi alikataa kufukua. "Siwezi kuliweka jembe la mwanangu kwenye mikono ile," akasema. Basi Baba akawa analala kwenye kibanda cha jiko, na Mama hakuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Chakula nilipeleka mimi. Naweka sahani chini, narudi kinyumenyume.

Nilichokiogopa zaidi ni asubuhi. Kila asubuhi alitoa kopo dogo la bati mfukoni, akachomoa kidonge cha njano, njano ileile, akakimeza, uso ukamkunjamana kwa uchungu. Siku moja Bibi alimkuta.

"Unaumwa, Kornelio?"

"Siumwi, Mama."

"Sasa dawa ya nini?"

"Ya kuzuia homa. Tuliamriwa kumeza kila siku, ukikosa unaadhibiwa. Ndiyo inayotia rangi hii. Kikosi kizima tulikuwa hivi, hata Wazungu. Wao ndio walikuwa njano kweli!"

"Homa unayo?"

"Sina."

"Mzima hanywi dawa," akasema Bibi. "Anayekunywa dawa naye mzima, kuna kitu anakifunika."

Mtasema Bibi alikuwa mjinga. Hapana, nakataa. Siku hizi kila ukuta wa zahanati umeandikwa kinga ni bora kuliko tiba, na bado nimewaona watu wazima wenye saa mkononi wakiacha vidonge siku wanapojisikia vizuri. Bibi alijua mizizi ya tumbo, ya kifua na ya uzazi, na yote ilitolewa kwa mgonjwa. Kinga aliyoijua yeye ilikuwa hirizi, na hirizi huvaliwa na mwenye maadui au mwenye dhambi. Alifikiri sawasawa kwa yale aliyoyajua. Ndiyo maana alinitisha.

Tena usiku Baba alipiga kelele. Nilimsikia kutoka nyumbani, akiita majina ya watu nisiowajua. Nilijifunika kichwa kwenye blanketi la Mama, na Mama alikuwa analia polepole ili Bibi asisikie.

Nadhani kilichomshinda Baba ni mimi. Siku moja nilijikwaa nikimpelekea uji, ukanimwagikia mguuni, nikapiga yowe. Alitoka mbio kuniinua. Nilivyoiona ile mikono inakuja nikajiburuta kwa makalio kwenye majivu, nikasema, "Nihurumie, baba wa watu, usinichukue." Akasimama palepale. Akairudisha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Kesho yake hakumeza kidonge. Alilichomeka kopo kwenye nyasi za paa la jiko, na hakulitoa tena.

Rangi haikutoka mara moja. Ilipungua kidogokidogo, nami nilikuwa naichungulia kila nilipoweka sahani. Bibi naye alichungulia, akijifanya anatafuta kuni. Mvua za kwanza ziliponyesha, Bibi alimwita Baba uani mchana kweupe, akavishika viganja vyake, akavigeuza, akavisugua kwa kidole gumba, akavinusa. Kisha akaangua kilio, akamwangukia mwanawe kifuani. "Kornelio wangu," akasema. "Kornelio wangu, ni wewe."

Pombe ya ulezi ikapikwa. Kaburi likafukuliwa, jembe likatoka na kutu, shati limekuwa matambara. Baba akanyolewa, akakabidhiwa jembe, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapewa mkono wake niushike tuingie naye nyumbani. Ulikuwa mkono mkavu, wa moto, mzito. Sikuuachia mpaka niliposinzia. Wakati ule nilidhani hofu imekwisha maishani mwangu.

Msimu ule alilima matuta yetu kwa jembe lilelile. Palizi ilipokwisha aliamua kuteremka Kabwe, ziwani, akafanye kazi kwa wavuvi na kurudi na samaki wakavu. Kwetu juu ni baridi na mbu ni wachache. Kule ni joto, na mvua zilikuwa zimeshika. Mama alilikumbuka kopo. Akalichomoa kwenye paa la jiko, akamletea mlangoni.

"Chukua hivi, baba Fausta. Si ulisema ni vya homa?"

Baba alilishika lile kopo. Akamtazama Bibi aliyekuwa anapeta ulezi, akanitazama mimi. Akamrudishia.

"Niache, mke wangu," akasema. "Nimechoka kuwa mfu."

Alikaa ziwani wiki kadhaa. Alirudi amebebwa, homa imempanda kichwani, hatutambui. Alikuwa anatetemeka hata kitanda kinalia, halafu anatulia na kuongea na watu wa vita vyake. Mama alikivunja kidonge kimoja, akakikoroga kwa maji, lakini meno yalikuwa yamekazana. Alikufa kabla ya machela ya kumpeleka hospitali ya misheni kufungwa. Bibi akaketi kando yake, akaikunjua mikono yake yote miwili, akavitazama viganja. Vilikuwa safi kabisa.

"Nilisema," akanong'ona. "Kilio kimemfikia." Tulimzika palepale kwenye kaburi lake la kwanza, shimo likaongezwa kina.

Niliishi na neno hilo miaka mingi, nikilia kwa kuogopa kila nilipoona watu wanamlilia mtu ambaye mwili wake haujaletwa. Nilikua, nikasomea kazi ya dawa, mwisho nikawa nawafundisha vijana. Huko ndiko nilikokutana tena na kile kidonge, ndani ya kitabu, kikiitwa mepakrini. Matumizi: kuzuia na kutibu malaria. Kinavyofanya kazi: kinaviua vijidudu vya malaria ndani ya chembe nyekundu za damu visipate kuzaana, kwa hiyo kinamlinda mtu muda wote anaokimeza, na akikiacha, ulinzi nao unapungua hadi kwisha. Madhara: mara chache ndoto mbaya na kuchanganyikiwa. Na chini kabisa, mstari mmoja: ngozi kugeuka njano, dhara dogo, huisha lenyewe dawa ikiachwa.

Dogo! Nilikifunga kitabu, nikatoka nje.

Kwa hiyo Bibi hakukosea, kilio chetu kilimfikia kweli. Kilipitia mikononi mwetu, yeye kwa kuvichungulia viganja na mimi kwa kujiburuta kwenye majivu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtakia mabaya. Tulimpenda. Tulimtaka arudi akiwa wa rangi yetu.

Kila mwaka nilipofika kwenye fungu la madhara madogo, kijana mmoja aliuliza kama kuna haja ya kupoteza muda hapo, maana hayaui. Nilimwambia aandike. Kisha nikamwambia, kabla hujampa mtu dawa ya kumgeuza rangi, muulize nyumbani kwao ni nani atakayemtazama viganja, na huyo naye umwite, umkalishe, umweleze yeye kwanza.