Zeze Lililokamatwa Msibani

Zeze langu linaning'inia ukutani kwa jirani, ng'ambo ya ua wa minyaa, hapa Ntalikwa, pembeni ya mji wa Tabora, na siruhusiwi kuligusa. Lilikamatwa msibani. Aliyelikamata ni mwanamke wa Kizaramo, mtani wangu, na msiba wenyewe ulikuwa wa mtu aliyenifundisha kulipiga. Sijaibiwa, na hakuna mahali pa kushtaki. Mnyamwezi akinyang'anywa kitu na mtani wake msibani hapigi kelele, anauliza masharti ya kukomboa. Niliuliza. Nikaambiwa nipige wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama.

Nieleze kwa utaratibu.

Kazi yangu ni kukagua mizani. Nazunguka madukani mjini Tabora, kwenye maghala ya asali na kwenye vituo vya kununulia tumbaku, nikiwa na sanduku la mawe ya kupimia ambayo uzito wake hauna ubishi. Naweka jiwe la kilo tano juu ya mizani, nasoma, naandika. Kama sindano imesoma vingine, mizani inarudishwa sifuri na kazi inaanza upya. Nimefanya hivyo tangu nikiwa kijana. Nilipotimiza miaka hamsini niligundua kwamba sijawahi kutengeneza kitu chochote kwa mikono yangu, ukiacha banda la kuku, ambalo lilianguka.

Mwaka huohuo baiskeli yangu ilipata pancha kijijini Kwihara. Fundi baiskeli wa pale alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye karakana chini ya upenu wa nyumba yake, kando ya njia wanayopita wageni wanaokwenda kuangalia lile tembe la kale, nyumba ya udongo iliyogeuzwa makumbusho. Alisugua mpira, akapaka gundi, akabandika kiraka. Kisha akaingia ndani, akatoka na zeze, akakaa kwenye kigoda na kuanza kupiga. Baada ya muda akalaza zeze chini, akabonyeza kiraka kwa kidole gumba, akasema, "Tayari."

"Unapiga kwa ajili ya nini?" nikamuuliza.

"Gundi inakauka," akasema. "Wewe ungefanya nini?"

Nilifikiri jambo hilo njia nzima. Jumamosi iliyofuata nilirudi Kwihara na baiskeli nzima isiyo na tatizo.

Kwa asiyelijua zeze letu: ni ubao mwembamba wenye urefu wa mkono, mwishoni una vinundu vitatu vya kubonyezea, juu yake zimetandazwa nyuzi mbili. Chini ya ubao hufungwa kibuyu kilichokatwa mdomo, na mdomo huo unaegemezwa kifuani. Ubao hausumbui. Nilipata kipande cha mninga kwa seremala, na nyuzi fundi alinitolea kwenye waya wa breki, akaufumua na kuchagua nywele mbili zinazolingana. Kinachosumbua ni kibuyu.

Kibuyu cha kwanza nilikikata kikiwa kibichi. Nilikipeleka Kwihara kimefungwa kwenye kanga ya mke wangu. Fundi alikifungua, akakinusa.

"Umekata mboga," akasema. "Mpelekee shemeji apike."

Cha pili nilikipata Ulyankulu, kwa mama mmoja mkulima mwenye asili ya Burundi ambaye alikuwa ameleta maharage kwenye mizani niliyokuwa naikagua. Alikuwa na vibuyu vitatu kwenye kapu. Alinichagulia kimoja kwa kuvigonga vyote kwa kifundo cha kidole na kuvisikiliza, akaniambia kitundikwe jikoni, juu ya moshi, kisiguswe. Nilikitundika. Kila Jumapili nilikishusha na kukipima. Niliandika uzito wake kwenye daftari, tarehe upande wa kushoto, gramu upande wa kulia.

Mke wangu alivumilia wiki kadhaa. Kisha akasema, "Baba watoto, hata mwanao wa kwanza hukumpeleka kliniki hivi."

Kibuyu kilipoacha kupungua kwa majuma matatu mfululizo nilijua kimekauka. Nilikipeleka Kwihara pamoja na daftari. Fundi hakulitazama daftari. Aligonga kibuyu mara moja, akasikiliza. "Hiki kimekauka tangu mwezi uliopita," akasema.

Wimbo alionifundisha haukuwa na maneno. Alisema ni wimbo wa wapagazi, wale waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi, na kwamba aliupata kwa babu yake. Ushahidi wa jambo hilo sina. Alinifundisha kipande kimoja baada ya kingine, kila kimoja majuma kadhaa, nami niliviandika kwa tarakimu: uzi wa kwanza, kinundu cha pili, na kuendelea. Vilifika vipande sita. Siku ya kipande cha sita mkewe aliita kutoka ndani, fundi akalaza zeze, akanawa mikono, tukala ugali na mlenda. Niliporudi nyumbani nilichora mstari chini ya kipande cha sita, kwa rula, na kuandika "mwisho".

Shida yangu ilikuwa moja. Kila nilipokosea nilisimama na kuanza upya. Na kipande cha tatu kina mahali ambapo kidole cha shahada lazima kiruke kutoka kinundu cha kwanza hadi cha tatu, na hapo nilikosea karibu kila siku.

"Kwa nini unarudi?" fundi aliniuliza.

"Nimekosea."

"Nimesikia. Kwa nini unarudi?"

Akasema kwamba mpagazi akijikwaa njiani harudi alikotoka kuanza safari, anaweka mzigo sawa na kuendelea. Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Jioni yake nilikosea tena, nikarudi mwanzo.

Hapa ndipo anapoingia mtani. Mumewe alikuwa mtumishi wa reli, alianzia stesheni ya Tura, akamalizia Tabora, na alipostaafu walijenga jirani na sisi. Mtani hushinda barazani akisuka ukili wa mikeka. Hauzi mikeka hiyo. Anasema pwani mikono isiyosuka inasema umbea. Kila jioni nilipotoka kazini na kukaa uani na zeze langu, yeye alikuwa pale akisuka, umbali wa hatua ishirini na ua mmoja. Kwa miezi minane alisikia mwanzo wa wimbo mara ambazo hata mimi sikuziandika.

"Mtani!" aliniita siku moja. "Huo wimbo una mwisho?"

"Unao."

"Una uhakika? Maana nimeshasuka mkeka wa watu sita hapa, wewe bado unatoka nyumbani kwako."

"Ni wimbo wa wapagazi, mtani. Pwani ni mbali."

"Ni mbali kwa wanaorudi mlangoni kila wakisahau kofia," akasema, na kuendelea kusuka.

Fundi alifariki ghafla, alfajiri ya Jumamosi. Mkewe alimpigia simu mtani wangu kabla ya watu wengi, kwa sababu kwenye msiba wa Mnyamwezi mtani Mzaramo ana kazi zake: atasimamia jiko, atamwiga marehemu, atawachekesha wafiwa wakitaka wasitake. Aliondoka mapema na pikipiki. Mimi Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kujifunza. Nilifunga zeze mgongoni kwa kanga, nikapanda baiskeli, simu ikiwa mfukoni. Mke wangu alipiga mara nne. Sikuisikia.

Nilifika Kwihara nikaona mikeka imetandikwa nje na wanaume wamekaa. Nilielewa nikiwa bado juu ya baiskeli. Nilishuka, nikatoa pole, nikapeana mikono na kila mtu. Karakana ilikuwa imefungwa. Chini ya upenu kulikuwa na baiskeli moja imepinduliwa magurudumu juu, mpira umetolewa nusu. Nilisimama karibu nayo kwa sababu sikujua pa kusimama, na zeze lilikuwa mgongoni kwangu bado.

Mtani alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Jamani, njooni mumwone huyu!" akapaza sauti. "Wenzake wamekuja na mchele, wamekuja na kuni. Yeye kaja na muziki!"

Watu waligeuka. Nilijaribu kuificha kanga, jambo ambalo haliwezekani kwa kitu chenye kibuyu.

"Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani," akawaeleza waombolezaji. "Mjukuu kabeba boga. Na hata boga kashindwa kulifikisha!"

"Na babu zako walikaa kivulini wakisubiri kubebewa," nikasema, maana mtani hujibiwa.

"Tunasubiri mpaka leo! Mwezi wa nane huu nausubiri wimbo wako ufike pwani!"

Wazee kwenye mikeka walicheka. Mjane, aliyekuwa mlangoni, alicheka pia, kisha akafunika uso kwa mtandio na kulia. Mtani akanifungua kanga mgongoni kama anayempokea mtoto, akachukua zeze, akaingia nalo ndani.

Baada ya maziko nilimfuata. Nikataja kuku. Nikataja kilo tano za unga, zilizopimwa. Nikataja doti ya kitenge. Alikataa vyote.

"Arobaini," akasema. "Mbele ya huyu mjane. Wimbo mzima. Ukisimama, zeze ni langu, nitalitundika ukutani karibu na mkeka wangu."

"Nitafanyaje mazoezi bila zeze?"

"Wapagazi walifanya mazoezi?"

Zeze la fundi mwenyewe lilichukuliwa na kaka yake siku ya pili, akaondoka nalo Urambo. Kibuyu kingine kingehitaji miezi juu ya moshi. Nilikwenda kwa seremala nikapata ubao, nikachonga vinundu vitatu, nikatandaza nyuzi mbili. Bila kibuyu ubao hautoi sauti ya kufika hatua tatu. Nilikaa uani kila jioni nikapiga ubao huo, kipande cha kwanza hadi cha sita.

Na jambo la ajabu, sikurudi mwanzo hata mara moja. Kosa ambalo halisikiki halina nguvu ya kukurudisha.

"Leo umefika?" mtani aliuliza kutoka barazani.

"Nimefika."

"Nani kakuona?"

Nilikaa siku arobaini nikifika bila shahidi.

Siku ya arobaini tulisubiri kisomo kiishe, watu wale pilau, shehe aage. Kisha tukakaa nyuma ya nyumba: mjane kwenye mkeka, mke wangu pembeni yake, mtani kwenye kigoda cha fundi, ambacho hakuna aliyemkaribisha akikalie. Akanikabidhi zeze langu. Lilikuwa limefutwa vumbi. Nilibana kibuyu kifuani, na baada ya majuma ya ubao mtupu sauti ile ilinishtua mwenyewe.

Nilipiga kipande cha kwanza na cha pili. Kwenye cha tatu kidole kiliruka kikatua kinundu cha pili badala ya cha tatu, na kila mtu alisikia. Mkono uliniambia nirudi. Niliona mtani ameinua kichwa. Sikurudi. Nikapiga cha nne, nikapiga cha tano, ambacho fundi alikuwa akikipiga huku amefumba macho, nikapiga cha sita, nikalaza zeze mapajani. Nilikuwa nimelowa jasho shati zima.

Mtani alikuwa wa kwanza kusema. "Haya. Kakosea, lakini kafika," akasema, na nikaona ameanza kunyoosha mkono ili tupeane.

"Mbona umeishia hapo?" mjane akauliza.

Nikamwambia ndipo unapoishia. Nikataja daftari.

"Hapana, shemeji. Mume wangu alikuwa haishii hapo. Alikuwa akiendelea."

"Anaendelea vipi?" nikauliza. "Kipande cha saba kikoje?"

Mjane alijaribu kuvuma kitu, akaacha.

"Sikijui," akasema. "Kila akifika hapo nilikuwa namwita aje kula."

Nilikumbuka ugali na mlenda, na mstari wangu wa rula. Nilikuwa nimeandika "mwisho" mahali ambapo mtu aliitwa mezani.

Nimekagua mizani miaka mingi, na kila ubishi niliokutana nao ulikuwa na jiwe la kuumaliza. Huu hauna. Nilimpigia kaka wa marehemu, Urambo. Alisema yeye hapigi, ametundika tu zeze sebuleni. Kama fundi alimfundisha mtu mwingine, hakuna anayejua.

Mtani alinyanyuka, akachukua zeze mapajani kwangu taratibu kuliko alivyolichukua mara ya kwanza.

"Masharti ni wimbo mzima," akasema. "Ukiupata mwisho, nyumba unaijua."

"Na kama haupo?"

"Mjane kasema upo. Unabishana na mjane?"

Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Juu ya moshi jikoni nimetundika kibuyu kipya, na mke wangu ameomba nisikipime. Sikipimi. Jumamosi huwa naenda Kwihara, namsalimu shemeji, naye akiwa anachagua mchele hujaribu kukumbuka. Juzi alisema anadhani sauti ya kipande hicho ilikuwa ikishuka. Nimeandika: "kinashuka".

Jumapili iliyopita alasiri nilikuwa uani na ubao wangu nikasikia zeze ng'ambo ya minyaa. Ulikuwa mwanzo wa wimbo, taratibu, wa mtu anayetafuta vinundu kwa macho. Kipande cha kwanza kilikuwa sahihi. Cha pili sahihi. Cha tatu kikafika pale kidole kinaporuka, kikatua kinundu cha pili, na zeze likasimama.

Kisha likaanza upya.

Niliweka ubao chini nikasimama karibu na ua. Likarudi mwanzo mara tatu, kila mara kutoka palepale. Mara ya nne lilifika mahali pale, likakosea, likanyamaza, na nilisikia kigoda kikisogezwa. Sijui kama mtani alikuwa ananyanyuka au anakaa vizuri ili aendelee.