Mlango wa Lekishon

Mdogo wangu Lekishon alilinda duka la kubeti mtaani kwetu Ngarenaro miaka minne, na miaka yote minne nilimwambia aache. Sijachoka kusema hata leo.

"Serikali imeruhusu, dada," alikuwa akinijibu. "Leseni iko ukutani, kodi wanalipa."

"Serikali imeruhusu. Mimi sijaruhusu."

Yeye mwenyewe hakubeti hata siku moja. Kazi yake ilikuwa mlango: aliye chini ya miaka kumi na nane asipite, ndiyo sheria. Sasa, Lekishon hajui kusoma. Mimi najua kidogo, nilijifunza kanisani nikiwa mtu mzima. Yeye alikataa kukaa dawati moja na wanawake. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe moja Januari. Karani ndiye aliyeamua, maana mama yetu alikumbuka mvua tu. Kwa hiyo kadi hakuziamini. Kwa watu wa makabila mengine, aliwaita wenzake wa ndani wamsomee kadi. Kijana wa Kiarusha, kabila letu, alimuuliza mwenyewe, "Umetahiriwa lini? Nani alikushika?" Akijibu vizuri, kwetu huyo ni mtu mzima, anapita.

Mwezi wa sita wakaja wakaguzi wa serikali, wakamkuta ndani Oscar, mtoto wa jirani yetu Ndeshi. Ana miaka kumi na sita. Alitahiriwa Desemba, na aliyemshika mgongo ni Lekishon. Loshoro ya sherehe, mahindi kwa maziwa ya mgando, nilipika mimi, sufuria tatu.

"Shikamoo mzee," alisema mkaguzi, binti anaitwa Agnela. "Huyu umempitisha wewe?"

"Marahaba. Nimempitisha. Ni mwanaume."

"Ana kumi na sita, mzee."

"Hiyo ni ya kwenu na karatasi zenu."

Nirav, mwenye duka, akamvuta pembeni. "Mzee Lekishon, sema tu alikudanganya umri. Kosa litakuwa lake, wewe kazi unabaki nayo."

Lekishon akamtazama Oscar. Oscar alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hakunidanganya," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nilimuuliza, akanijibu kweli."

Duka likafungwa. Koti la ulinzi akalivua palepale, akarudi nyumbani kwa miguu. Maneno ya 'nilikuambia' nilikuwa nimeyaweka miaka minne. Alipoingia na kuketi, magoti yakilia, nikakoleza moto. Nikampa chai.

Jumapili baada ya ibada Ndeshi akamleta Oscar. Mtoto akaja mbele ya Lekishon, akainamisha kichwa aguswe, kama wanavyosalimia ambao hawajatahiriwa. Lekishon akarudisha mkono wake nyuma.

"Inua kichwa. Nipe mkono."

Oscar akampa mkono, machozi yakimtoka.

"Na pale usirudi," Lekishon akamwambia, "mpaka karatasi yako ikubali."

"Hata ikikubali," nikasema mimi.