Kibanda Kisicho na Msaliti

Kinyozi wetu wa Woolwich, huku ughaibuni, huwasha runinga bila kuuliza mtu. Jumamosi ilikuwa komedi ya zamani: wafungwa wa vita wanachimba handaki chini ya kibanda chao, mlinzi amesimama juu yake, haoni kitu. Sote tulicheka, isipokuwa mzee wa Bukavu aliyekuwa akinyolewa, ambaye aliwahi kufungwa kambini wakati wa vita vya kwao.

"Uongo," alisema.

"Mlinzi mjinga hivyo, mzee?" kinyozi akauliza.

"Wajinga tulikuwa nao. Lakini kibanda kizima, kwa njaa ile, asitokee hata mmoja wa kuwauza wenzake kwa sahani ya ugali?"

"Kwenu alikuwa nani?"

Mzee alijifuta povu shingoni. "Ongeza sauti."

Sasa najua kwa nini watunzi wa komedi humwacha msaliti nje: huenda naye amekaa mahali, anatazama.