Akara Zenye Mchanga

Anti Tola hapendi kupimwa nguo. Akisimama mbele yangu hupandisha mabega kana kwamba amemwagiwa maji ya baridi, halafu blauzi ikimbana analaumu mkasi wangu. Nimemshonea miaka kumi na tisa na sijawahi kuushinda ubishi huo. Siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, sebuleni kwake hapa mtaa wa Oke-Ado, pini mdomoni. Ndiyo maana nilisikia yote bila kuweza kutia neno.

Jina lake kamili ni Ayantola. Hapa Ibadan ukisikia jina linaanza na Ayan huulizi tena, huyo ni wa ukoo wa wapiga ngoma. Baba yake aliipiga ile ngoma ya kwapani, ngoma inayosema, kwenye harusi na mazishi ya nusu ya mji huu. Wana wa kiume walirithi ngoma. Tola, mtoto wa kike, alirithi masikio tu, akapelekwa kanisani kujifunza kinanda ili atulie. Hakutulia. Mwaka 1981 aliajiriwa kituo cha televisheni cha jimbo kupanga kanda kwenye rafu, na huko kwenye rafu ndiko alikoharibikia.

Kanda zilitoka ng'ambo: tamthilia za polisi, za magari yanayoruka, za watu wa angani. Wenzake walitazama magari. Yeye alifumba macho akasikiliza kilichokuwa kikinguruma chini ya magari, vile vinanda vya umeme na besi inayotembea bila kuchoka. Aliona wale watu wana ngoma yenye umeme ila hawana la kusema nayo. Kituo kiliponunua kinanda kimoja cha Kijapani, chenye gurudumu dogo pembeni la kupinda sauti, alilisukuma lile gurudumu kwa kidole gumba akaanza kucheka peke yake. Sauti ilipanda na kushuka sawasawa na ngoma ya baba yake ikibanwa kwapani.

Na katika lugha yetu kupanda na kushuka si mapambo. Neno "oko" ukiliacha tambarare ni mume, ukilishusha mwishoni ni gari, na ukilipandisha ni jembe. Mgeni akikosea anaweza kutangaza kwamba ameolewa na lori. Kwa hiyo nyimbo kumi na mbili alizotungia michezo ya televisheni zilikuwa zinaongea, na sisi tuliokuwa tumekaa mbele ya televisheni ya mwenye nyumba tulizielewa. Iliyopendwa kuliko zote ilifungua mchezo wa kila Alhamisi jioni, Ile Alaro, kisa cha nyumba ya watia nguo rangi wasioelewana. Ilikuwa na sentensi nne. Ya kwanza ilitusalimu, ya pili ilimsifu baba yake, ya nne ilituamuru tukae kimya. Ya tatu haikuwa na neno lolote. Aliipiga studio siku ya kurekodi, mkono ukienda unakotaka, akipinda gurudumu kwa raha zake.

Hapo alikosea, na binti wa mpiga ngoma hakupaswa kukosea hapo. Huwezi kuwaachia watu wetu sauti isiyo na neno. Usipoliweka wewe, wataliweka wao.

Waliliweka. Watoto wa Oke-Ado walisikia sentensi ya tatu inasema hivi: akara za Mama Tola, ni mchanga, ni mchanga. Mama Tola ni mama yake mzazi, aliyekuwa akikaanga akara, bajia zetu za kunde, kwenye kona ya mtaa kila asubuhi. Haikupita wiki mbili, kila Alhamisi mtaa mzima ukawa unaimba pamoja na televisheni, na kesho yake wateja wanaipita ile kona wakichekea mikononi. Mama Tola alijitwika kikaango chake akaenda nacho hadi kwenye geti la kituo, akamwita binti yake kwa jina lake lote, akamuuliza mbele ya wafanyakazi wenzake ni titi la nani alilonyonya. Wimbo ulipigwa Alhamisi nane tu, kisha Anti Tola mwenyewe akaomba utolewe. Akarudi kwenye rafu yake ya kanda. Hakutunga tena kwa miaka thelathini na minane, na mimi nasema ilikuwa hasara ya mji mzima, hata kama mji haukujua.

Aliyemfufua ni Injinia Kolapo, aliyekuwa fundi mitambo wa kituo, mtu mrefu mwenye subira ya kuudhi. Kituo kilipouza vitu chakavu yeye alikinunua kile kinanda akakiweka chini ya kitanda, mkewe akipiga kelele hadi akazoea. Mwaka jana wastaafu wa kituo waliandaa tamasha lao katika ukumbi wa Mapo, akawaambia bila kumuuliza mtu kwamba Ayantola atapiga nyimbo zake zote kumi na mbili. Anti Tola alimnunia siku nne. Siku ya tano akamuuliza kama kinanda bado kina gurudumu.

Gurudumu lilikuwepo. Betri ya ndani ilikuwa imekufa siku nyingi, na ilipokufa ilikwenda na sauti zote alizozitengeneza, kwa hiyo wazee hao wawili walikaa miezi mitatu wakizitafuta moja moja, wakibishana kama besi ya mwaka 1984 ilinguruma au ilikoroma. Kanda za nyimbo zake nazo zilikuwa zimeshika unyevu na kunata. Injinia akazipeleka kwa mwoka mikate wa jirani, akaziweka kwenye tanuri mikate ikishatoka na moto ukishapoa, zikauke taratibu. Kumi na moja zikatoka zinaimba na kunukia mkate. Ya kumi na mbili, Ile Alaro, ilisalimu vizuri, ikamsifu baba vizuri, halafu sauti ya mwanamume ikaingia kwa nguvu: wazazi wote wenye watoto wa chini ya miaka mitano wanaombwa kuwaleta kwenye chanjo ya surua. Siku zile kanda zilikuwa adimu. Mtu alirekodi tangazo juu ya wimbo, na tangazo lilipokwisha, wimbo ulikuwa umefika sentensi ya nne.

Sasa turudi sebuleni, mimi na pini zangu. Zilibaki siku tisa. Anti Tola alikuwa ameijaribu ile sentensi tangu asubuhi, na kila mara alitikisa kichwa. Injinia alisema ameuliza watu kumi na watano wa mtaa huu, watu wazima wenye akili zao, na wote wamesema wamesahau.

"Mji mzima umesahau kitu kimoja, siku moja," akasema. "Hii nayo ni surua."

"Basi sipandi jukwaani," Anti Tola akamjibu. "Wakifika hapo niwaambie nini? Chanjeni watoto?"

"Piga hizo kumi na moja."

"Wimbo wanaoujia ni huu, Kolapo. Nikiuacha watasema bado naogopa. Nikiupiga una shimo watasema nimezeeka. Waambie wastaafu wenzako wakodi bendi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba hatanii. Na ukweli ni kwamba hakuna aliyesahau. Nusu ya Oke-Ado tuliijua ile sentensi kama tunavyojua majina yetu, lakini nani angeisema mbele ya binti wa Mama Tola, ndani ya nyumba ambayo Mama Tola mwenyewe, miaka tisini na moja, alikuwa chumba cha nyuma akisinzia? Tulimwonea haya, na haya zetu zilikuwa zinamwua mara ya pili. Mimi nilikuwa na sababu zaidi ya haya. Lakini mficha uchi hazai. Nikatema pini kiganjani.

"Anti, mimi naijua."

"Unachojua wewe ni kunichoma."

"Sentensi ya tatu. Nilikuwa na miaka kumi. Asubuhi mama yako alinipiga kofi la mkono kwa sababu nilichokoa akara kwenye sinia. Jioni televisheni ikawaka, wimbo ukaja, nikaziimba zile akara. Wenzangu walizipokea kwangu. Si watoto wa Oke-Ado, Anti. Ni mimi, Asabi."

Kwetu mwanamke akimwomba mkubwa wake radhi hupiga magoti, na mimi nilikuwa nimeshapiga kwa saa nzima, kwa hiyo sikuwa na pa kushukia zaidi. Injinia alianza kuikagua bisibisi yake kwa umakini wa ajabu.

"Miaka kumi na tisa unanishonea," Anti Tola akasema.

"Ndiyo, Anti."

"Na kila Krismasi unaniletea blauzi ya bure."

"Ndiyo, Anti."

"Na mimi najisifu kwa watu kwamba fundi wangu ananipenda." Kisha akaenda kwenye kinanda, nguo ikiwa nusu imeshikwa na pini, akakaa. "Haya, iseme. Polepole. Na uiseme kwa ubaya uleule."

Niliisema. Akara ilikaa chini, hatua tatu sakafuni bila kuinuka. Iya, yaani mama, ilianza chini ikapanda. Tola ikabaki juu kabisa. Mchanga ukateremka, ukateremka tena. Vidole vyake vilinifuata vikijikwaa mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu akanikemea kwamba naisema kwa adabu mno. Mara ya nne nikaisema kwa hasira ya mtoto aliyepigwa kofi, kidole gumba chake kikalipinda gurudumu, na sentensi ikatoka nzima, nzuri, ya kijeuri, kama ilivyotoka Alhamisi ile. Injinia alivua miwani akaifuta. Anti Tola aliirudia peke yake mara mbili, machozi yakimtiririka, hakuyafuta.

"Kumbe nilikuwa hodari," akasema.

Aliniadhibu kwa namna yake. Siku ya tamasha nilipangiwa kiti cha mbele kabisa, pembeni ya Mama. Alisema hamfichi mama yake chumbani kama mgonjwa wa ndui. Atapiga mama akiwepo, na mama akiinuka kuondoka, yeye atafunga kinanda mbele ya watu wote na hilo litakuwa jibu.

Mapo ilijaa. Wazee wenye mvi walicheza nyimbo za michezo ile ya televisheni, magoti yakilia, na sisi wa miaka hamsini tukawa watoto tena. Nyimbo kumi na moja zilipita bila doa. Mama Tola alikaa wima katika vazi nililomshonea, fimbo mapajani, uso haunielezi kitu. Kisha Ile Alaro ikaanza. Sentensi ya kwanza ilitusalimu, ukumbi ukaitikia. Ya pili ikamsifu marehemu, wanawake wakapiga vigelegele. Ya tatu ikaja, na watu mia sita wakafunga midomo. Kila mmoja aliyajua maneno. Kila mmoja alikuwa anakitazama kisogo cha bibi kizee wa mstari wa mbele.

Mama akaniinamia. "Hapo panasemwa nini?"

"Hakuna maneno, Mama. Ni muziki tu."

"Mwongo wewe. Panasemwa akara zangu ni mchanga."

Akakita fimbo, akasimama. Anti Tola aliona, mikono yake ikainuka juu ya kinanda ikabaki hewani. Nilitamani ardhi inimeze, na ingekuwa na haki.

"Ulikuwepo," Mama akasema. Hakuhitaji kipaza sauti, ukumbi ulikuwa kimya. "Mchanga ulikuwepo. Mashine ya kusagia ilitiwa jiwe jipya, na jiwe jipya hutoa mchanga. Nililijua hilo kuanzia siku ya kwanza, na bado nilikaanga. Kinanda cha mtoto huyu kilinisema kweli mbele ya watu, nikaona aibu, nikaenda kumwaibisha yeye." Akapumzika kidogo. "Tola, baba yako angekutunza kwa hilo. Mimi ndiye niliyekuzima. Piga tena, na hawa waliojifanya mabubu waimbe."

Miaka yote nilidhani nimezusha. Lisemwalo lipo, jamani, hata likisemwa na mtoto mwenye kinyongo.

Anti Tola alianza upya kutoka sentensi ya kwanza, na ilipofika ya tatu paa la Mapo lilitikisika. Watu mia sita waliimba kwamba akara za Mama Tola ni mchanga, ni mchanga, na sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya Mama Tola. Wakamfanya aipige mara sita. Walipanda jukwaani wakimbandika noti za naira kwenye paji la uso, mtindo wetu wa kumtunza mpiga ngoma, na katika ukoo wa Ayan hakuna mwanamke aliyewahi kutunzwa hivyo kabla yake. Alicheka mdomo wazi, mkono mmoja kwenye gurudumu. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na blauzi ilimkaa kama nilivyoikata.

Mara ya sita ndipo Mama aliponigeukia. Aliuliza kama namjua yule mtoto wa mtaani aliyeanzisha maneno yale. Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti mbele yake.

"Asubuhi ile ya akara, mkono upi niliupiga?" akauliza.

Nikampa wa kulia. Aliupiga tena, kofi dogo la bibi wa miaka tisini na moja, kisha akaushika, na hakuuachia mpaka wimbo ulipokwisha.