Fimbo ya Biliadi Juu ya Moshi

Sisi tuliokulia Njombe enzi za Mwingereza tulizoea baridi kabla hatujajua kusoma. Asubuhi za Juni tulikwenda shule miguu mitupu, tukikanyaga umande ulioganda, kila mtoto na kiazi chake cha moto mfukoni. Kiazi kilitupasha mikono njiani, kisha tukakila wakati wa mapumziko kikiwa kimepoa kabisa. Nikiwasimulia wajukuu zangu haya, wananitazama kwa huruma, halafu wanarudi kwenye simu zao.

Baba yetu alikuwa fundi cherehani, na kibaraza chake kilikuwa karibu na soko. Kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi, Wazungu wa mashamba ya miti ya miwati walimwita klabuni kwao kila kitambaa cha kijani cha meza yao ya biliadi kilipochanika. Alishona, na huku akishona aliwatazama wakicheza. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Baadaye Wazungu wakaleta meza mpya, ile kuukuu ikapelekwa kwenye jumba la starehe la Waafrika, na bwana mmoja aliyekuwa akirudi kwao akamwachia baba fimbo yake ya kuchezea. Ilikuwa ya mti mweupe wa Ulaya, nyembamba, imenyooka vizuri, na nchani ilibandikwa kipande cha ngozi kidogo kuliko kifungo cha shati.

Sisemi kwa uchungu, lakini fimbo ile ilitunzwa kuliko sisi. Sisi tulioga Jumamosi. Fimbo ilifutwa kila jioni kwa kitambaa cha fulana, kuanzia kwenye shina kwenda nchani, hata siku ambazo haikuchezewa. Baba aliishonea mfuko wa kaki wenye bitana, wakati kaptura ya kaka yangu Lwitiko ilikuwa na viraka vya rangi tatu. Ilikuwa marufuku kuiegemeza ukutani, maana ikiegemezwa hupinda. Ililazwa chumbani juu ya vigingi, mbali na ukuta wa nje wenye unyevu na mbali zaidi na jiko lenye joto. Ngozi ya nchani ilikwaruzwa kidogo kwa msasa ili ishike chaki, na mara chache katika mwaka mti ulipakwa mafuta ya kitani. Sisi watoto tuliruhusiwa kushika mfuko tu.

Basi tulicheza biliadi yetu uani. Tulichimba vishimo, tukachukua viazi vidogo vya mviringo, tukavisukuma kwa vijiti vya mianzi. Mama alipogundua viazi vya mbegu vimepasuka, alituchapa kwa vijiti vilevile.

Kwa fimbo ile baba alikuwa bingwa. Mtu pekee aliyempa shida alikuwa fundi magari mmoja wa Makambako, aliyeitwa Kiberiti kwa sababu ya hasira zake. Kiberiti alikuja kwa lori Jumamosi za mwisho wa mwezi, akashindwa, akagombana na meza, akarudi Makambako. Watu walifunga biashara mapema waje kutazama. Baba alitembea siku hizo kama mtu mwenye ng'ombe wengi, na sisi nyuma yake tulitembea hivyohivyo.

Kisha babu akafariki kule Ipelele, kwenye milima ya Makete, na baba akaenda kumchukua Bibi, mama yake.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyelima mteremko maisha yake yote. Kwetu hakupata kazi. Mama, kwa heshima ya mkwe, hakukubali Bibi ashike jembe wala chungu. Maji tulichota sisi. Kuni alipasua Lwitiko. Bibi alipewa kiti, blanketi na uji wa ulezi, na kila aliyepita alimsalimia "Kamwene" na kumwambia apumzike. Wenzangu mtakumbuka heshima ya namna hiyo. Iliwafanya wazee wengi wakae kama mizigo iliyosahauliwa.

Mvua zilipoanza, Bibi alimwambia baba mbele yetu sote kwamba amekuwa mgeni kwa mwanawe mwenyewe, na kwamba mvua zikikoma atarudi Ipelele. Baba alimkumbusha kwamba kule hakuna mtu, nyumba imeanza kuvuja na ndugu zake wote wameshuka kutafuta kazi. Bibi akajibu kwamba kule walau kuna shamba linalomjua. Baba hakulala vizuri siku zile. Tulimwona akishona mkono wa shati upande usio wake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Katikati ya mvua hizo baba alikwenda Iringa kununua vitambaa. Barabara ikaharibika, lori likakwama, naye akakawia. Mama alikuwa shambani siku Bibi alipoingia chumbani na kuiona fimbo imelala juu ya vigingi vyake.

Wasomaji wangu wa Makete na Njombe wanajua Bibi aliona nini. Aliona mti mzuri uliotupwa kwenye baridi. Kwao kila mti wa thamani hukaa darini, kwenye mianzi iliyo juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu na mipini ya majembe, upate moshi, ukauke, wadudu wauogope. Mwanawe alikuwa na fimbo moja ya maana, na hakuna aliyemfundisha kuiweka. Aliivua mfuko, akaipaka mafuta ya nyonyo kwa viganja vyake, akapanda juu ya kinu akailaza darini jikoni, moto ukiwaka chini yake.

Sisi tulimwona. Lwitiko alinitazama nami nikamtazama. Mtoto wa enzi zetu angemwambiaje bibi yake kwamba amekosea? Mama aliporudi aliinua macho akaiona, akasimama na mzigo wa mboga kichwani bila kuutua. Naye alikuwa mkwe. Akatua mzigo, akasonga ugali. Kwa hiyo nyumba nzima tulikula chini ya fimbo ile, siku baada ya siku, tukiinusa.

Baba aliporudi, Bibi alimngoja mlangoni. Alikuwa ameishusha, ameisugua, ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Ilikuwa nyeusi. Iling'aa. Ilinuka kama nyama ya kukausha.

"Nimekutengenezea fimbo yako, mwanangu," alisema. "Ulikuwa unaiua kwa baridi. Sasa hata wajukuu zako wataikuta."

Baba aliipokea. Akaiinua hadi kwenye jicho, kama alivyofanya siku zote, akaitazama kutoka shinani hadi nchani. Ilikuwa imepinda katikati. Ile gundi ya Ulaya nayo ilikuwa imeyeyuka, na kipande cha ngozi kikamwangukia kiganjani. Alifumba kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa. Nilimwonea huruma baba yangu wakati ule kuliko wakati mwingine wowote, na nilitaka apige kelele ili jambo liishe.

"Asante, Mama," alisema. "Kazi hii imenishinda miaka yote. Kuanzia leo iwe yako."

Bibi akaenda jikoni, akamwambia mama asogee, akachochea moto mwenyewe. Mvua zilipokoma hakuna aliyesikia habari za Ipelele.

Watu wa leo wangesema baba angetafuta fimbo nyingine ya kuchezea, akaiacha ile ya Bibi nyumbani. Hawamjui Bibi. Mwenye kazi yake huifuata. Kuanzia Jumamosi ile, aliibeba fimbo mwenyewe hadi jumbani, ikiwa ndani ya mfuko wa kaki, akaketi kwenye benchi la nje pamoja nasi, akajifunika blanketi. Wanawake hawakuingia ndani. Aliusikiliza mchezo kwa masikio, mipira ikigongana, na ulipokwisha alipewa fimbo yake arudi nayo.

Baba alibandika ngozi upya kwa gundi ya seremala, akajaribu. Jinsi ya kucheza na fimbo iliyopinda ni kuizungusha mkononi mpaka upande uliopinda uangalie chini, kisha kuomba Mungu. Aliizungusha, akaomba, akakosa. Kiberiti alishinda mara ya kwanza, akadhani ni bahati. Aliposhinda tena aliruka juu, na jumba zima likacheka, maana fimbo ya baba ilikuwa inatoa harufu ya jikoni kila alipoinama. Walimuuliza kama anacheza au anachoma mahindi. Kicheko kilitufikia pale nje. Lwitiko aliinamisha kichwa. Bibi aligeuka kwangu, uso umemchangamka.

"Unasikia?" aliniambia. "Wanamfurahia mwanangu."

Nilimwambia nasikia.

Mama alivumilia miezi kadhaa. Mwishowe, wakichambua maharage uani, alimwambia baba amweleze mama yake taratibu, kwa maneno ya upole, kwamba ile si fimbo ya kutembelea wala mpini. Baba aliendelea kuchambua.

"Nikimwambia, kesho atafunga mzigo," alisema.

Basi. Kila masika Bibi aliirudisha darini, kila masika baba alishukuru, na kila mwaka fimbo ilizidi kupinda. Watu hawakufunga tena biashara mapema. Baba akawa mtu wa kucheza na wanaojifunza, na hata hao wakamshinda. Kiberiti mwenyewe akaacha kugombana na meza, akawa anamhurumia, na nadhani hilo ndilo lililomuuma baba zaidi. Lakini Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa koti, akamwambia Bibi twende, na Bibi alitangulia mbele na mfuko wake begani, akisalimiwa na soko zima.

Bibi alifariki katika mvua za mwisho kabla ya Uhuru. Kiberiti alikuja msibani kutoka Makambako na fimbo mpya, iliyonyooka, akaiweka mikononi mwa baba bila maneno mengi. Baba alimshukuru, akailaza chumbani juu ya vile vigingi vya zamani. Sisi tulijua sasa atarudi kuwa bingwa. Matanga yalipoanuliwa, aliingia jikoni akaishusha ile nyeusi. Aliifuta kwa fulana, kuanzia kwenye shina kwenda nchani. Akaiinua kwenye jicho, akaitazama kwa muda. Halafu akapanda juu ya kinu, akairudisha darini, akamwambia mama aongeze kuni.

Aliichezea hiyohiyo mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Ile ya Kiberiti aliwaazima vijana.

Juzi nilikwenda Makambako kwa mjukuu wangu. Karibu na stendi kuna meza za pool kila baada ya hatua chache, na muziki wa kuziba masikio. Nilisimama nikawatazama vijana. Fimbo wanaziegemeza popote, wanazitumia kusukuma pazia na kufukuza mbwa. Chaki wanaisugua kwa madaha kama mtu anayepiga rangi viatu vya harusi, halafu mpira unapita pembeni. Mmoja alicheza huku simu imebanwa begani. Mjukuu wangu alichukua fimbo, akaifumbia jicho moja, akaiona imepinda kidogo, akaitupa kando akachukua nyingine. Zilikuwapo nyingi, zote za namna moja. Sikumlaumu. Hakuna anayemngoja nje kwenye benchi.

Nyumbani kwangu napika kwa gesi. Ni safi, haitoi machozi, na dari yangu ni nyeupe. Fimbo ya baba nimeiweka juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa kaki. Wiki iliyopita niliitoa niifute, nikakuta unga laini umejaa chini ya mfuko, na kwenye mti vitundu vidogo, vingi. Wadudu wameingia. Nimeuliza majirani wote mtaani kwetu, natafuta nyumba ambayo bado ina jiko la kuni.