Mama Mweupe wa Jumanne

"Sikuandika barua ile ili uje unihoji kama mtu aliyeiba kuku!" Tiwaa alisema, na mchi wake ukatua kinuni kwa kishindo kilichorusha kipande cha fufu hadi miguuni pa mgeni. "Aliyelalamika ni mimi. Mwizi ni huyo Daktari wenu. Mbona hujamfuata yeye?"

"Daktari si wetu, Mama. Na wewe pia si wetu," mgeni alijibu, akakiokota kile kipande na kuwatupia kuku. "Swali langu ni moja tu. Mama yako alipoitengeneza dawa hii ya maji, nani alimwona?"

Tiwaa akatwanga mara nne. Mwanamke huyu, ambaye soko zima la Asuokrom lilimjua kwa ulimi usiopumzika, alikuwa ameulizwa swali moja na kubaki na mchi tu.

Mgeni aliitwa Selorm Agbeko, binti mmoja mchunguzi wa hataza kutoka Akra. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi za watu wanaodai wamevumbua kitu, kisha kuamua kama kitu hicho ni kipya kweli au wengine walishakifanya mbele ya macho ya watu. Kikiwa kipya, mwenyewe anapewa hataza, na mwingine yeyote akikitengeneza bila ruhusa anajitafutia kesi.

Daktari Quansah alikuwa ameombea hataza njia ya kuondoa zebaki majini. Maganda ya chikichi yanachomwa yawe mkaa, mkaa unaokwa na unga wa njano wa kiberiti ndani ya chungu kilichozibwa, kisha unafungwa kwenye mifuko ya kitambaa na maji yanapita humo. Karatasi zake zilikuwa na hatua saba, zimepangwa vizuri, na mihuri juu.

Sasa, mifuko hiyohiyo Tiwaa alikuwa akiitengeneza kwa siri, kama mama yake, nyuma ya kibanda chake cha chakula tangu mama yake afariki. Nyumba arobaini ziliitumbukiza kwenye mitungi yao bila kujua imetengenezwaje. Tangu wachimba dhahabu waanze kumwaga zebaki kwenye mto Kwabesu, hata maji ya visima yalikuwa na ladha ya sarafu iliyolambwa. Kampuni ya Daktari ilishamwandikia Tiwaa: hataza ikitoka, uache. Akiacha, nyumba arobaini zinunue kwa bei ya mjini au zinywe zebaki. Ndiyo maana akalalamika, na ndiyo maana Selorm alikuwa ameketi pale, viatu vimejaa tope jekundu.

"Haya, nikwambie," Tiwaa alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyemwona. Mama alikwenda mtoni Jumanne."

Selorm ni mtu wa mashariki ya nchi, lakini alielewa. Jumanne Kwabesu unapumzika. Hakuna ndoo, hakuna nguo, hakuna karai la dhahabu. Hata wachimbaji, ambao wangeuza meno ya bibi zao wakiyaona yana rangi ya njano, huzima pampu zao siku hiyo. Anayekanyaga mto Jumanne anatozwa kondoo. Dufie, mama yake Tiwaa, aliichagua siku hiyo kwa sababu ndiyo pekee maji yalipotulia. Alijipaka udongo mweupe mwili mzima, kuuomba mto radhi, akaenda peke yake. Alifanya hivyo miaka ishirini, mpaka mikono yake, iliyochoma zebaki ujanani ili kutenga dhahabu, ikatetemeka isiweze kubeba kijiko. Miaka kumi na mmoja sasa yuko kaburini.

"Basi alificha, na wewe umeficha," Selorm alisema, akafunga faili. "Pole, Mama. Kilichofichwa, kwa sheria ni kama hakikuwapo. Daktari anashinda."

"Wewe una roho ya mamba."

"Nimeshaambiwa."

Pale pembeni Bi Mansa, muuza ndizi, alikuwa akihangaika na mjukuu wake aliyefumba mdomo mbele ya supu. "Unakula, huli? Nimwite Mama Mweupe wa Jumanne akuoke na maganda ya chikichi?"

Mtoto akafumbua mdomo mara moja. Mkono wa Selorm, uliokuwa ukiinua kikombe, ukasimama.

"Bibi, huyo ni nani?"

"Mtu wa mtoni," Bi Mansa alisema. "Hapa sote tumelelewa na hofu yake. Muulize Tiwaa. Ah, huyu hajui. Kwao hadithi ile ilipigwa marufuku. Mama yake alimzaba kibao kwa kulitaja jina tu."

Ni kweli. Tiwaa alikumbuka kile kibao. Siku zote alidhani mama yake ndiye aliyeogopa zaidi ya wengine.

"Anaoka vipi?" Selorm aliuliza, na faili likafunguka tena.

"Anachoma maganda kwanza, ayatwange. Anamwaga unga wa njano. Chungu anakiziba kwa udongo, anachochea moto mpaka ule moshi wa mayai viza ukatike. Hapo ndipo roho za watoto zinapoiva. Anazifunga kwenye matambara meusi, anazipanga mtoni pale maji yanapobanana. Jumanne nyingine anakuja kuzitoa, anakwenda kuzizika mbali."

Selorm alikuwa akitia alama kwa kalamu. Moja, mbili, tatu. Tiwaa aliona kalamu ile ikishuka kwenye karatasi ya Daktari, akaelewa. Kijiji kizima kilikuwa kimemtazama mama yake miaka ishirini, hatua kwa hatua, na kwa kuwa hakuna binadamu anayekwenda mtoni Jumanne, hakuna aliyefikiri kwamba anatazama binadamu.

"Sita," Selorm alisema. "Karatasi ina saba."

"Ndimu," ilisema sauti ya mzee. Alikuwa Nyameke, mgema, aliyekuja kulipia supu yake ya konokono. "Mkaa anausuuza kwa maji ya ndimu kabla ya kuufunga. Nilikuwa juu ya mchikichi. Nikasema moyoni, Nyameke, anatengeneza kiungo, leo unaliwa."

Hakuna aliyecheka. Ndiyo ilikuwa hatua ya saba.

"Nitahitaji kuandika," Selorm alisema taratibu. "Majina yenu, na kwamba mlikuwa mtoni Jumanne."

Bi Mansa akamvuta mjukuu wake. Kondoo ni kondoo. Lakini Nyameke akavuta kigoda. "Mimi niandike. Marehemu mke wangu meno yalimtikisika mdomoni kama mahindi makavu kwa maji haya. Mifuko ya Tiwaa ndiyo inayowalea wajukuu zangu. Andika, binti."

"Nami niandike basi," Bi Mansa alisema, akionekana kukasirika. "Nisije nikaambiwa nimeshindwa na mgema."

"Mara ya kwanza mlimwona lini?"

Walitaja miaka ya zamani, mingi kabla ya Daktari kuandika chochote. Selorm akaandika. Kisha, kwa desturi ya kazi tu, akauliza, "Na ya mwisho?"

"Jana," Nyameke alisema.

Jana ilikuwa Jumanne.

"Mama yangu yuko kaburini miaka kumi na mmoja," Tiwaa alisema.

"Mimi sikusema ni mama yako," mzee alijibu. "Mnaosema ni wewe na huyu binti wa karatasi."

Ilibidi mchunguzi aone mahali penyewe, kwa hiyo alasiri hiyohiyo Tiwaa na Selorm wakashuka mtoni. Tiwaa hakuwahi kufika pale maji yanapobanana. Kando ya mto hapakuwa na ndege. Vijiti saba vilikuwa vimechomekwa kuvuka mkondo, vyeusi kwa uzee. Kwenye sita yalining'inia matambara yaliyooza, yamesinyaa kama chuchu za mbwa mzee. Kwenye cha saba kulikuwa na mfuko wa kitambaa kipya.

"Umeuweka wewe?" Selorm aliuliza.

"Ningeuweka ningekuita uje uone?"

Tiwaa akaunyanyua. Fundo lilikuwa limepinda, limezungushwa mara nyingi bila mpangilio, kama linavyofungwa na mtu ambaye vidole vinamkimbia. Alilijua. Alikuwa amelifungua mara elfu akiwa mtoto, kwenye vifurushi vya chumvi, kwenye kamba za viatu vyake. Akampa Selorm mfuko.

Maji ya Kwabesu ni baridi mwaka mzima. Mkaa uliokuwa ndani ya mfuko ulikuwa na joto.

Selorm aliurudisha kwenye kijiti chake kwa mikono miwili, polepole, kama anayerudisha mtoto wa watu. Kwenye ripoti yake aliandika mifuko sita.

Barua ya uamuzi ilifika baada ya miezi minne. Wakili wa Daktari alikuwa amepinga, kwamba kuona zimwi si kuona. Selorm alimjibu kwamba sheria inauliza macho yaliona nini, haiulizi wenye macho walidhani nini. Ombi likakataliwa. Njia haikuwa mpya. Kwenye barua jina la Dufie liliandikwa mara tatu, na Tiwaa alimlazimisha kila mteja alisome kabla ya kupakuliwa.

Kisha akaenda kwa kuhani wa mto, Asamaning, mtu mkavu asiyependa salamu ndefu. Alichukua kondoo wawili wa Nyameke na Bi Mansa, ambao nyumba arobaini zilichangiana kuwanunua, na nyuma yao akamvuta wa tatu, mweupe, aliyemnunua mwenyewe.

Asamaning akawapokea wawili. Wa tatu akamtazama tu.

"Huyu wa nani?"

"Wa mama yangu. Alikanyaga mto miaka ishirini. Nimeona aibu ya deni."

Kuhani akatazama upande wa mto, akatega sikio kama anayesubiri jibu. Kisha akaichukua kamba, akaizungusha kwenye kiganja cha Tiwaa na kumfumba vidole.

"Mrudishe nyumbani akale majani," alisema. "Mtu hadaiwi akiwa bado kazini."